UZI: Nilikuwa wakala wa waandishi, sasa ni prodyuza wa dokumentari. Karibuni tuzungumze kazi hizi mbili

BiKaratasi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliuliza humu wakala wa waandishi anafanya kazi gani hasa, na majibu mengi yakawa yaleyale: dalali tu huyo, anakaa katikati na kula asilimia. Nilianza kumjibu, jibu likarefuka, nikaona heri nifungue uzi. Kazi hiyo nimeifanya miaka 11. Baada ya hapo nikaingia kwenye utayarishaji wa dokumentari, na huu ni mwaka wa 8. Watu huniambia nilihama fani. Kwa sehemu kubwa sikuhama, ujuzi ninaoutumia ni uleule. Ila kipo kitu kimoja kilichogeuka juu chini, na nilichelewa kukiona. Nitakifikia, naombeni subira.

Nianze na hilo la udalali, maana silikatai. Anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuifanya shughuli hii iwe taaluma ni A. P. Watt, Mskoti aliyefanyia kazi London kuanzia miaka ya 1870. Aliwasimamia akina Rudyard Kipling na Arthur Conan Doyle, na malipo yake yalikuwa asilimia 10 ya anachopata mwandishi. Wachapishaji hawakumpenda. William Heinemann, mmoja wa wakubwa wa zama hizo, aliwashambulia mawakala hadharani katika miaka ya 1890. Ukitazama kilichobadilishwa na mawakala utaielewa hasira ile. Waandishi wengi walikuwa wakiuza hakimiliki yote kwa mkupuo: wanapokea hela, wanaondoka, na kitabu kikiendelea kuuzwa miaka 40 hawaoni hata senti. Wakala akaja na hesabu nyingine. Hakimiliki ni kama shamba, hulazimiki kuliuza lote. Unaweza kumkodisha huyu kipande cha juu na yule kipande cha bondeni, tena kwa muda maalumu. Kuchapishwa jaridani ni kipande. Jalada gumu ni kipande. Soko la Marekani, tafsiri ya Kijerumani, kitabu cha kusikiliza, filamu, vyote ni vipande.

Chukueni Harry Potter ya kwanza. Wachapishaji 12 waliikataa kabla Bloomsbury ya London haijaichukua, ikatoka 1997 na jalada gumu likachapwa nakala 500 tu. Mwaka huohuo haki za Marekani ziliuzwa peke yake, kwa mnada, na kampuni ya Scholastic ikazinunua kwa dola 105,000. Kitabu ni kilekile na mwandishi ni yuleyule ambaye bado hakuna aliyemjua. Tofauti ni kwamba kulikuwa na kipande kingine cha kuuza.

Siku hizi kamisheni ya kawaida ni asilimia 15 kwa mikataba ya soko la nyumbani na 20 kwa tafsiri na masoko ya nje, kwa kuwa kule mara nyingi kuna wakala mwenza wa kugawana naye. Mwandishi asipopata, wakala hapati. Ndiyo maana mtu akikwambia ulipe ada kwanza ndipo asome mswada wako, huyo si wakala, kaa naye mbali.

Naenda kula, nitaendelea jioni.

Ngwena74

Nimeweka kigoda hapa dada. Swali moja tu kabla hujaendelea: mwandishi asiye na jina anampataje wakala? Na asiyempata ndiyo basi tena?

BiKaratasi

@Ngwena74 kaka, njia ni ya kawaida tu. Barua ya ukurasa mmoja, muhtasari, na sura za mwanzo. Kama ni riwaya, iwe imekamilika. Kama ni kitabu cha mambo halisi, mara nyingi pendekezo linatosha: kitabu kinahusu nini, kwa nini wewe ndiye wa kukiandika, nani atakinunua, na sura moja au mbili za kuonyesha mkono wako. Kabla hujamwandikia wakala, soma vitabu alivyowahi kuvisimamia. Nilikuwa napokea miswada ya mashairi kila wiki na sijawahi kusimamia mashairi maishani mwangu. Iliniuma kuirudisha, maana mingine ilikuwa mizuri.

Na asiyempata si "basi tena". Mwaka 1962, kwenye mkutano wa waandishi Makerere, Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi, alimpa Chinua Achebe mswada wake. Achebe akausoma, akaufikisha kwa kampuni ya Heinemann, na riwaya ikatoka 1964. Achebe mwenyewe, miaka michache kabla, alikuwa ametuma mswada wake wa pekee, ulioandikwa kwa mkono, kwa kampuni ya kuchapa miswada London, ukakaa kimya miezi mingi mpaka bosi wake aliyekwenda likizo huko akaingia ofisini kwao kuuliza. Yule bosi hakuwa wakala, lakini alifanya kiini cha kazi ya wakala: alikwenda kusimama mlangoni kwa niaba ya mtu asiyeweza kufika.

BiKaratasi

Naendelea.

Watu hudhani wakala anashinda kwenye chakula cha mchana na wachapishaji. Miaka yangu mitatu ya kwanza nilishinda na rundo. Miswada inaingia bila kuitwa, na mdogo kuliko wote ofisini ndiye anayeisoma. Unasoma kurasa 10 za kila mmoja. Baada ya muda sikio linajifunza kitu ambacho hakifundishiki kirahisi: kutofautisha mtu mwenye tukio na mtu mwenye hadithi. Mtu anaweza kuwa ameponea kwenye ajali ya meli na ukurasa wake umelala. Mwingine anaandika jinsi baba yake alivyokuwa akihesabu hela kabla ya kulala, na huwezi kuuweka chini. Sikio hilo ndilo mtaji wangu mpaka leo. Ninapotazama saa 60 za picha zilizorekodiwa nikitafuta dakika 80 za filamu, nafanya kazi ileile ya rundo.

Mtaji wa pili ni kusoma mikataba, na huu niliupata kwa maumivu. Mwaka wangu wa nne nilimsimamia mama mmoja aliyeandika kumbukumbu za maisha yake. Mkataba wa mchapishaji ulikuwa na orodha ndefu ya haki, na mwishoni maneno manne: "na matumizi mengine yoyote". Niliyaona. Nikayaacha, kwa sababu malipo ya awali yalikuwa mazuri na niliogopa kuharibu. Miaka mitatu baadaye kituo cha televisheni kikataka kutengeneza filamu kutokana na kitabu chake, na mchapishaji akasema nusu ya hela hizo ni zake kwa mujibu wa maneno manne yale. Alikuwa sahihi. Nilimpigia yule mama simu mwenyewe kumwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo kazi yako ilikuwa ipi?" Sijawahi kuacha maneno manne yapite tena.

Ni kwenye mazungumzo ya filamu ile ndipo nilipokutana kwa mara ya kwanza na maprodyuza wa dokumentari, nikagundua wanaongea lugha ninayoijua.

KameraMoja

Mimi ni mpiga picha, nimefanya dokumentari nne. Dada, kwa heshima, prodyuza wengi niliofanya nao kazi ni watu wa kutafuta hela tu. Uhusiano wake na fasihi siuoni.

BiKaratasi

@KameraMoja nakuelewa kaka, na hela ni nusu ya kazi kweli. Ila tazama hela zenyewe zinatafutwaje. Kwenye maonyesho ya vitabu ya Frankfurt, kila Oktoba, mawakala wanakaa kwenye ukumbi wao, meza zimepangwa safu kwa safu, na kila nusu saa anakuja mchapishaji mwingine. Una nusu saa kumweleza vitabu sita. Kwenye tamasha la dokumentari la Amsterdam, IDFA, kuna jukwaa lililoanza mwaka 1993 ambapo mwongozaji na prodyuza wanasimama na kunadi wazo lao kwa dakika chache mbele ya meza ya vituo vya televisheni na wafadhili. Nilipopanda pale mara ya kwanza mikono ilitetemeka, lakini mdomo ulijua la kusema. Ni barua ileile ya ukurasa mmoja: hii ni hadithi ya nani, kwa nini sasa, na kwa nini sisi.

Halafu kuna mizizi. Dokumentari nyingi kubwa zimeanzia kwenye karatasi. Simon Chinn, prodyuza Mwingereza, alimsikia Philippe Petit kwenye kipindi cha redio cha BBC mwaka 2005, yule Mfaransa aliyetembea juu ya waya kati ya minara pacha ya New York 1974. Petit alikuwa ameandika kitabu kuhusu siku ile. Chinn hakukimbilia kamera. Alikwenda kuomba haki za kitabu. Filamu ikatoka 2008, *Man on Wire*, na 2009 ikachukua Oscar.

Na huu mwingine ndio ninaoupenda kuliko yote. Tarehe 30 Juni 1979 James Baldwin, mwandishi Mmarekani mweusi, alimwandikia barua wakala wake, Jay Acton, akimweleza kitabu anachotaka kukiandika: kuisimulia Marekani kupitia marafiki zake watatu waliouawa, Medgar Evers, Malcolm X na Martin Luther King. Hakukiandika. Alipofariki 1987 aliacha kurasa kama 30 tu, na mchapishaji aliyekuwa amelipa dola 200,000 za awali akaishtaki familia azirudishe, kabla ya kuiacha kesi ile. Wakuu, hebu fikirini: kwa upande wa vitabu mradi huo ulikuwa umekufa kabisa. Ulikuwa hasara kwenye daftari. Miaka mingi baadaye familia ikamfungulia mwongozaji wa filamu Raoul Peck hazina yote ya Baldwin, dada yake Baldwin akamkabidhi kurasa zile, na kutoka hapo Peck akajenga *I Am Not Your Negro*, 2016, ambamo sauti ya Samuel L. Jackson inasoma maneno ya Baldwin na si ya mtu mwingine yeyote. Barua kwa wakala ikawa mlango wa filamu. Kila nikifungua sanduku la zamani la ofisini nakumbuka hilo.

Msomaji_Usiku

Hiyo ya Baldwin sikuijua kabisa, asante sana. Sasa prodyuza anapotaka kitabu cha mtu, anakinunua palepale?

BiKaratasi

@Msomaji_Usiku hapana, mara nyingi hanunui kwanza, anashikilia. Analipa kiasi kidogo, desturi ni kama asilimia 10 ya bei kamili, ili kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu mwandishi asimpe mtu mwingine haki ile wakati prodyuza anatafuta hela. Akizipata, analipa bei iliyoandikwa. Asipozipata, haki inarudi kwa mwandishi na kile kidogo kinabaki chake. Waandishi, hakikisheni tarehe ya kurudi imeandikwa wazi. Nimeona vitabu vilivyofungwa miaka mingi kwa kuwa mkataba ulisema muda utaongezwa "kwa makubaliano" bila kusema ya nani.

Na upande wa prodyuza karatasi hazina huruma. Mfululizo wa *Eyes on the Prize* wa Henry Hampton, historia ya harakati za haki za Wamarekani weusi, ulionyeshwa kuanzia 1987. Picha za zamani na nyimbo zilizomo zilikuwa zimelipiwa kwa muda. Muda ukaisha miaka ya 1990, na kazi ile muhimu kuliko nyingi ikawa haiwezi kurushwa hewani wala kuuzwa upya. Ilibidi zitafutwe hela nyingine, zikiwemo dola 600,000 za Ford Foundation, kulipia haki upya, ndipo ikarudi kwenye televisheni 2006. Mwongozaji Leon Gast naye alirekodi pambano la ngumi la Ali na Foreman kule Kinshasa 1974 na tamasha lake la muziki, akakaa na mikanda ile miaka zaidi ya 20 kwa kukosa hela na kwa ugomvi wa nani ana haki gani. Aliyemsaidia kumaliza ni David Sonenberg, meneja wa wanamuziki. Si mtu wa filamu, ni mtu wa mikataba. *When We Were Kings* ikashinda Oscar 1997.

Wakili_Pembeni

Umeandika vizuri sana dada yangu. Ila ulituahidi kitu kilichogeuka juu chini. Bado tunasubiri.

BiKaratasi

Naam kaka, nimefika.

Nikiwa wakala nilimsimamia mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Aliniletea mswada wa kurasa 140 kuhusu mama yake, na chini ya mswada kulikuwa na sanduku la viatu lenye kaseti 23. Alikuwa amemrekodi mama yake akisimulia maisha yake, jioni baada ya jioni, miaka mingi kabla. Kila kaseti ina namba kwa kalamu nyekundu na tarehe. Nilituma mswada kwa wachapishaji 11 na wote wakakataa, na kwa kweli walikuwa sahihi. Mzee aliandika kama mwalimu, kila sentensi imenyooka, kila kitu kina sababu yake. Usiku mmoja nikaweka kaseti namba 4. Mama anasimulia safari ya kwenda kujifungua, na katikati anasimama, anavuta pumzi, unasikia mlango, anamwambia mtu "funga, mbu wanaingia", kisha anaendelea palepale alipoachia. Nikajua hadithi haikuwa kitabu. Ilikuwa kwenye pumzi ile, na mzee kwa kuisafisha alikuwa ameifuta.

Hiyo ndiyo iliyonitoa. Nilimwambia mzee ukweli, akakaa nao wiki mbili, akarudi akasema sawa, tengeneza. Nikaacha uwakala, nikampata mwongozaji, na ikatuchukua miaka minne.

Sasa sikilizeni. Kwenye kaseti namba 17 kuna sauti ya tatu. Ni dada wa yule mzee, wakati huo msichana. Kwanza anacheka, kicheko kirefu kinachomfanya na mama yake acheke. Halafu mama anatoka nje, na yule dada, kaseti ikiwa bado inazunguka, anaanza kumwambia kaka yake jambo kuhusu mtoto aliyempoteza. Ni dakika nne. Sijawahi kusikia kitu kama kile, na mwongozaji aliposikia alisema filamu yote itazunguka pale.

Kwenye karatasi tulikuwa salama. Kaka ndiye aliyerekodi, kaka ndiye mwenye kaseti, kaka amesaini. Ningekuwa bado wakala kazi ingeishia hapo, maana mteja wangu ni mmoja, namjua jina, na asilimia 15 inaniambia kila siku niko upande wa nani. Lakini yule dada hakuwa mteja wa mtu yeyote, na hakuwa na wakala. Ndipo nikaelewa kilichogeuka. Miaka 11 nilikuwa nimekaa upande wa mwenye hadithi, nikimlinda dhidi ya watu wanaokuja na fomu za kusaini. Sasa mimi ndiye niliyekuja na fomu.

Nikaenda kumwona. Sasa ni bibi mzima. Nilibeba kaseti, kinasa sauti na vipokea sauti vya masikioni. Nikamweleza kila kitu, kisha nikamwekea. Aliposikia kicheko chake alishika kipokea sauti kwa mkono mmoja, akakibana sikioni, akaniuliza, "Huyo ni mimi?" Hakuwa amekisikia kwa miaka 31. Zile dakika nne alizisikiliza akitazama sakafu. Alipomaliza akavivua, akavikunja waya vizuri, akasema: "Mama mweke. Kicheko changu kiweke, nimekipenda. Hayo mengine nilimwambia kaka yangu."

Tukayatoa.

KameraMoja

Dada naomba nikupinge, na si kwa ubaya. Ulikuwa na haki kisheria. Ulikuwa na kitu ambacho kingewagusa maelfu ya kina mama waliopitia hilohilo na hawana wa kumwambia. Mwongozaji alikuwa sahihi. Ukianza kumuuliza kila mhusika atoe nini, hutabaki na dokumentari, utabaki na picha za harusi.

Wakili_Pembeni

Mimi niko na @BiKaratasi nusunusu. Kisheria sina hakika mlikuwa salama kama mlivyodhani, maana katika nchi nyingi anayemiliki mkanda si lazima awe ndiye mwenye haki juu ya sauti na faragha ya mtu aliyemo. Kampuni inayoikatia filamu bima dhidi ya mashtaka isingelipita hilo kirahisi. Ila hoja ya KameraMoja ina uzito: mhusika akipewa kalamu nyekundu ya kukata asichokitaka, uchunguzi wa wakubwa utafanyikaje? Mwizi wa mali ya umma naye ataomba dakika zake nne zitolewe.

BiKaratasi

Ndugu zangu, hoja zenu nimezisoma mara mbili na sitaki kuzipita juujuu.

@KameraMoja, filamu ilipungua. Naamini hivyo na nimemwambia mwongozaji hivyo. Hatukuongea miezi miwili. Sina namna ya kukuthibitishia kwamba nilifanya vizuri kwa filamu, kwa sababu sikufanya vizuri kwa filamu.

@Wakili_Pembeni, mwenye madaraka ni jambo jingine kabisa, na mfano ninao. Mwaka 1977 mtangazaji Mwingereza David Frost alimhoji Richard Nixon kwa televisheni. Aliyejadili bei kwa niaba ya Nixon alikuwa Irving Lazar, wakala wa fasihi aliyekuwa pia amemuuzia kumbukumbu zake, na Frost alilipa dola 600,000 na sehemu ya faida. Rais aliyejiuzulu alikaa mbele ya kamera akiwa na wakala, na mkataba. Yeye alijua kipande gani cha shamba anakodisha. Mtu wa namna hiyo simpi kalamu nyekundu, na wala haihitaji. Wanaohitaji kulindwa ni wale wanaosaini fomu wakiwa wamesimama mlangoni, na wengi wa wahusika wetu ndio hao.

Na kuwalinda si lazima kuiue filamu. *Hoop Dreams*, dokumentari ya vijana wawili wa Chicago wanaoota kuwa wachezaji wa mpira wa kikapu, ilianza na msaada wa dola 2,500 ikiwa na mpango wa kuwa ya dakika 30. Ikawa miaka mitano ya kurekodi, saa kama 250 za picha, na filamu ya karibu saa tatu iliyotoka 1994. Familia za vijana wale wawili zilipewa mgawo wa mapato. Mambo yaliyomo ni magumu, baba anaonekana akinunua dawa za kulevya pembeni ya uwanja wanaocheza watoto, na bado familia zilibaki upande wa waliowarekodi.

Mimi binafsi sasa nafanya hivi. Fomu ya ridhaa naipeleka wiki moja kabla ya kamera, si siku ya kamera, na nasema tafuta mtu wako akusomee. Yale maneno yanayodai haki "katika ulimwengu wote na kwa vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa" nayaeleza moja moja kwa lugha ya nyumbani, na mtu akishtuka tunayajadili. Mhusika mkuu anaiona filamu kabla haijafungwa. Uamuzi wa mwisho unabaki kwetu, lakini anasikilizwa akiwa bado anaweza kubadilisha kitu. Na sehemu ya mapato imeandikwa, hata kama mapato yenyewe ni madogo, na nisidanganye, kwa kawaida ni madogo. Wakala anayeuza vizuri anaishi. Prodyuza wa dokumentari mara nyingi ndiye anayelipwa mwisho, na bajeti ikipasuka mshahara wake ndio unaoziba ufa. Mdogo wangu aliyeuliza juu ya kazi hizi, hilo ulijue mapema.

Ngwena74

Nimesoma yote kwa pumzi moja. Dada, yule bibi aliiona filamu?

BiKaratasi

Aliiona. Tuliwaonyesha wao kwanza, kaka na dada, kwenye chumba cha uhariri, viti vinne tu. Mwongozaji alikaa nyuma karibu na mlango. Kicheko kilipofika, kwenye dakika ya 52, bibi alimpiga kaka yake begani bila kumtazama. Walipotoka aliniuliza kama anaweza kupata nakala ya kaseti namba 17. Nikamtazama mzee, mzee akaitikia kwa kichwa. Nikaitoa kaseti yenyewe kwenye sanduku nikampa.